Magoti, kipupwe na jina la baridi yabisi

Lugha yetu ilishatoa hukumu zamani: maradhi ya viungo tunayaita baridi yabisi. Kila Juni, baridi ikishashika Mbeya, Njombe na Makete, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, wenye magoti mabovu huona jina hilo halikukosea.

Wanaopinga kwamba hali ya hewa huleta maumivu nao wana hoja. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walipitia mahudhurio zaidi ya milioni 11 ya wazee kwa madaktari. Siku za mvua malalamiko ya viungo hayakuongezeka. Lakini mwaka 2019 utafiti wa Uingereza, uliofuatilia watu 2,658 kwa simu zao, ukaona maumivu yakipanda kidogo siku zenye unyevu, upepo na mgandamizo mdogo wa hewa.

Hoja ya mgandamizo, kwetu, haina nguvu. Kyela iko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, jiji la Mbeya 1,700. Abiria anayepanda kutoka Kyela hadi Mbeya anaacha nyuma zaidi ya sehemu ya kumi ya mgandamizo kwa saa chache, tofauti ambayo hakuna wingu linaloweza kuileta. Kama hiyo ndiyo sababu kuu, wagonjwa wangeshuka basi wakichechemea kila safari.

Unyevu je? Kipupwe chetu ni kikavu. Maumivu ya miezi ya mvua, Novemba hadi Aprili, tuyapime pamoja na jembe: ndio wakati wa kulima, kupanda na kupalilia.

Inabaki baridi yenyewe. Misuli hukaza, ute wa kiungo huwa mzito, na mtu hukaa kitako. Hilo la mwisho ndilo baya zaidi, maana misuli ya paja ikilegea goti hubeba mzigo peke yake. Basi kabla ya kutoka kitandani, kunja na kunyoosha goti mara 10. Kisha keti kitini, nyoosha mguu, ushikilie sekunde 5, mara 10 kila upande. Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo, dakika 15 hadi 20, husaidia. Jiko la mkaa lisiingie chumba kilichofungwa. Hewa yake ya sumu huua watu usingizini. Wala diklofenaki, dawa ya maumivu, isimezwe msimu mzima bila daktari, hasa kwa mwenye presha, figo au vidonda vya tumbo.

Anayetaka kuujua mwili wake aandike kila jioni maumivu kwa namba, 0 hadi 10, na kazi aliyofanya, hata siku njema. Tunakumbuka siku ya baridi iliyouma, tunasahau ya jua iliyouma vilevile.

Viungo vikikakamaa kila asubuhi kupita nusu saa kwa wiki kadhaa, tusiilaumu Julai, vinahitaji kupimwa. Goti lililovimba, la moto, na homa juu yake, ni hospitali siku hiyohiyo.