Biolojia kwanza, famasia baadaye: njia hii ni ya nani?

Wiki ile matokeo ya S6, mwaka wa mwisho wa sekondari, yalipotoka, mpwa wangu alikuja kwenye duka langu la famasia hapa Arua, Uganda, na simu mkononi. "Habari ya kazi, mjomba," akasema, akanisogezea kioo nisome. "Wanasema mtu asome kwanza shahada ya biolojia, halafu ndipo aombe famasia. Na mimi biolojia nimepata B." Nikamuuliza kemia amepata nini. Akatazama chini. D.

Nimemwona kijana baada ya kijana akija na swali hilihili, na mara nyingi mzazi yuko nyuma yake, ameshafunga hesabu ya ng'ombe wa kuuza. Mama yake huyu binti anauza samaki wakavu sokoni. Miaka mitatu ya karo kwake si jambo la kujaribu tu tuone itakuwaje. Ndiyo maana nataka tulipime vizuri.

Tuanze na ushauri wenyewe, umetoka wapi. Umetoka Marekani, na kule una mantiki yake. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, anayetaka kuwa mfamasia Marekani lazima apate PharmD, yaani shahada ya udaktari wa famasia, ambayo kwa kawaida huchukua miaka 4, na kabla ya kuianza anatakiwa awe amesoma chuoni walau miaka 2: kemia ya jumla, kemia ya kaboni, biolojia, fiziolojia, mikrobiolojia, hesabu, takwimu. Wengi huamua kumaliza shahada nzima kwanza, na biolojia inawafaa kwa kuwa masomo mengi wanayodaiwa yamo humo. Hata huko, lakini, chuo cha famasia hakiulizi shahada yako inaitwaje. Kinauliza kama ulisoma masomo yale na ulipata nini. Aliyesoma historia akapita kemia ya kaboni vizuri anaingia, na aliyesoma biolojia akaikwepa anabaki nje.

Kwetu Uganda mlango haukujengwa hivyo. Famasia ni shahada ya kwanza. Unatoka S6, unaomba Makerere, Mbarara au Ishaka kule Bushenyi, unasoma miaka 4, unafanya intanshipu, yaani mafunzo kazini, mwaka 1, unasajiliwa. Jumla miaka 5. Ukipitia biolojia kwanza unaongeza 3, inakuwa 8, na hapo tumehesabu kwamba hukukaa nyumbani hata mwaka mmoja kungojea nafasi. Tena anayeomba akiwa tayari na shahada hapiti mlango uleule wa watoto wa S6. Anapita ule wa wenye diploma na shahada, ambao nafasi zake ni chache, na anashindana humo na dispensa, wagawa dawa wenye diploma ya famasia, waliokwisha kufanya kazi hiyo wodini kwa miaka.

Halafu kuna hesabu ya pointi. Kwenye UACE, mtihani wa mwisho wa S6, A ni 6 na D ni 3. Vyuo vya serikali huzidisha somo la lazima mara 3, na kwa famasia kemia haikwepeki. Kwa hiyo D ya mpwa wangu ilimpa 9 pale ambapo A ingempa 18. Ile pointi 1.5 ambayo wasichana wanaongezewa tangu 1990 haiwezi kuziba shimo la pointi 9. Hakuangushwa na biolojia, aliangushwa na kemia. Dawa aliyoletewa na simu ilikuwa ya ugonjwa mwingine.

Hapo wenzangu wengi wa kazi hii hufunga mazungumzo: biolojia ni kupoteza muda, basi. Mimi sikubaliani nao, na sababu zangu nimezipata hapahapa kaunta.

Enzi za efavirenzi, mojawapo ya ARV, dawa za kupunguza makali ya VVU, akina mama waliokuwa wakizitumia walikuwa wanawekewa kipandikizi cha uzazi wa mpango mkononi, vile vijiti viwili chini ya ngozi, wanaambiwa wako salama kwa miaka. Baadhi yao wakashika mimba. Mama mmoja alisimama pale mbele yangu, akakunja mkono wa gauni, akanishikisha vijiti vyote viwili vikiwa bado mahali pake, akauliza, "Sasa hivi vinafanya kazi gani?" Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Kampala: kati ya wanawake 20 waliokuwa wanatumia efavirenzi pamoja na kipandikizi chenye homoni ya levonorgestreli, 3 walishika mimba ndani ya wiki 48. Katika kundi la waliokuwa hawajaanza ARV, hakuna aliyeshika. Efavirenzi huliamsha ini. Vimeng'enya vyake, vile vinavyovunja dawa mwilini, vinaongezeka, vinaivunja homoni ya kipandikizi kabla haijafanya kazi yake. Anayelijua ini kama kiungo hai, kinachobadilika kulingana na unachokilisha, hawezi kumwambia mama yule kwamba labda alikosea tarehe. Na biolojia inayosomwa kwa kina inampa mtu jicho hilo, kuliko kukariri orodha ya dawa zisizopatana.

Malaria nayo. Hapa kaskazini tunagawa artemeta-lumefantrini kila siku: vidonge 24 kwa mtu mzima, vinne vinne, mara 6 ndani ya siku 3, na tunasisitiza anywe na maziwa au chakula chenye mafuta ili lumefantrini iingie mwilini. Mwaka 2021 watafiti walitoa ushahidi kutoka Gulu kwamba wapo vimelea vyenye mabadiliko kwenye jeni inayoitwa kelch13, na vinachelewa kutoka kwenye damu baada ya mgonjwa kupewa artesunate, ndugu yake artemeta. Nani atakayevifuatilia vimelea hivi mwaka hadi mwaka, kijiji kwa kijiji? Sisi wafamasia hatutoshi kwa kazi hiyo. Ni kazi ya mwanabiolojia. Taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe ilianzishwa 1936 kwa ajili ya homa ya manjano, na 1947 kirusi cha Zika kilipatikana kwa kima aliyefungwa ndani ya msitu wa Zika, jirani na hapo. Nchi hii ni maabara ya dunia, iwe tunapenda au hatupendi, na inasikitisha kwamba watoto wetu wanaambiwa biolojia ni ngazi tu ya kupandia kwenda kwingine.

Kwa hiyo anayependa biolojia yenyewe, aisome. Tena kama ataichukua pamoja na elimu, awe mwalimu, asidhani ameshuka daraja. Mwaka 2022 serikali ilipandisha mshahara wa walimu wa sayansi wenye shahada hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, hadi wenzao wa masomo ya sanaa wakagoma. Shahada ya biolojia isiyo na elimu ni habari nyingine. Nje ya utafiti na maabara chache, soko lake ni jembamba, na kijana aliyeisoma huku macho yake yakiwa kwa famasia anamaliza bila kujijenga upande wowote.

Hili ndilo linaloniuma zaidi. Nimefanya kazi na vijana wawili waliopita njia hiyo. Mmoja aliitumia vizuri mno: alichukua kila somo la biokemia na kemia aliloweza, akafuata famasia, na leo nikiwa na swali la dawa na figo ndiye ninayempigia simu. Mwingine alichagua mimea na ikolojia kwa sababu mitihani yake ilionekana rahisi. Alipoomba famasia hakupata, na miaka ilikuwa imekwenda. Wote wawili wana akili na walisoma shahada yenye jina moja. Walipishana kwenye masomo waliyoyaweka ndani yake. Mshauri wa shule aliyewaambia wote "nendeni biolojia" hakuwaambia hilo, wala hakuwaambia kwamba ukitoka S6 na kemia dhaifu, diploma ya famasia ni daraja fupi zaidi. Wakati unasoma unashika dawa, ukimaliza una kazi ya dispensa, na mlango wa shahada unabaki wazi ukipata daraja zuri. Najua wazazi wengi hawapendi neno diploma. Wanaona kama mtoto amepunguzwa. Mzazi mwenzangu, dispensa aliyesajiliwa anapokea mshahara. Mwenye shahada ya biolojia anayengojea famasia bado anaomba nauli.

Upande wa pili nitauheshimu kwa jambo moja ambalo huku halisemwi vya kutosha. Kwa anayeota Marekani, shahada yetu ya famasia ya miaka 4 ina kikwazo chake. Kule, mfamasia wa nje aliyehitimu kuanzia 2003 hawezi hata kuanza mitihani ya kutambuliwa kama mtaala wake haukuwa wa miaka 5 au zaidi. Kenya famasia husomwa miaka 5, sisi 4. Nimeona watu wazima, wafamasia kamili, wakigundua hili baada ya kuuza kiwanja. Mtu wa namna hiyo, ambaye tangu mwanzo anajua ataisoma famasia kulekule, ndiye ambaye ushauri wa kwenye ile simu uliandikiwa: asome biolojia hapa miaka 3, aibebe kemia ya kaboni na hesabu pamoja nayo, kisha aombe PharmD. Ila ajue karo ya huko inalipwa kwa dola, na ufadhili wa kozi ile ni mgumu kupatikana.

Mpwa wangu haoti Marekani. Anataka duka lenye jina lake hapa Arua, na anataka liwe famasia kamili, sio duka la dawa la daraja C linalotakiwa kumrudisha mgonjwa wa presha kwa sababu dawa yake haliruhusiwi kuiuza. Tulikaa na mama yake jioni moja, samaki wameshauzwa, tukaweka njia tatu mezani: kurudia S6, diploma, biolojia. Mimi nilisema diploma. Mama alitaka arudie S6, na hoja yake haikuwa dhaifu, maana mwaka mmoja wa kurudia ni mfupi kuliko yote akipata A. Binti mwenyewe akauliza swali ambalo sisi wawili hatukuliuliza: je, kemia naiogopa au siiwezi?

Fomu ya diploma ameijaza. Huku akingojea majibu, anakuja dukani jioni wateja wakipungua, tunasoma kemia ya kaboni nyuma ya kaunta. Jana tulifika kwenye esta, kemikali zinazotokana na asidi kuungana na alkoholi. Nikamtolea kopo la zamani la aspirini lililokwisha muda, nililokuwa nimelitenga kwa kuteketezwa, nikamwambia afungue anuse. "Inanuka siki, mjomba." Nikampa kalamu achore siki imetoka wapi. Alichora mara mbili akafuta, na alipoondoka karatasi aliichukua, akasema ataimalizia nyumbani.