Michango ya hiari ya pensheni ya Uingereza: lipia mwaka unaokuongezea kitu

Kwa muda mrefu, mtu aliyewahi kufanya kazi Uingereza kisha akahamia nchi nyingine alikuwa na nafasi ambayo wengi waliobaki kule hawakuwa nayo: kununua mwaka mzima wa pensheni ya serikali kwa chini ya pauni 200. Bajeti ya Novemba 2025 iliufunga mlango huo. Kuanzia 6 Aprili 2026 anayeishi nje haruhusiwi tena kulipa michango ya hiari ya daraja la 2 (Class 2), ile iliyokuwa na bei hiyo nafuu, na anayetaka kuanza kulipa ya daraja la 3 (Class 3), ambayo ni ghali mara tano, anatakiwa awe ameishi Uingereza miaka 10 au awe amechangia miaka 10. Awali ilikuwa miaka 3.

Habari hizo zimewagawa watu. Kuna waliosusa kabisa, na kuna wanaotaka kulipa kila pengo wanaloliona kwenye rekodi yao kabla hayajabadilika mengine. Wote wanakosea, ila waliosusa ndio wanaopoteza zaidi, kwa sababu mabadiliko yale yanahusu vipindi vya kuanzia tarehe hiyo. Miaka ya nyuma, hadi 2025/26 (mwaka wa kodi wa Uingereza huanza 6 Aprili), bado ina masharti yake ya zamani.

Kabla ya hesabu, tuondoe dhana tatu. Pensheni hii haiangalii uraia wala viza. Muuguzi aliyefanya kazi kule kwa kibali cha muda, akakatwa Bima ya Taifa (National Insurance, michango inayojenga pensheni hii) kwenye mshahara kisha akaondoka, haki yake iko palepale. Pili, hakuna kudai marejesho: waliozoea mifuko ya hifadhi ya jamii inayomruhusu mwanachama kuchukua fedha zake kwa mkupuo akiacha kazi hushangaa kusikia kwamba hapa hakuna kitu kama hicho, na kwamba michango haiendi kwa warithi. Tatu, kulipa michango ukiwa nje hakukupi matibabu ya bure ya NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, maana hayo hufuata makazi, na hakulindi kibali chako cha ukaazi wa kudumu, ambacho kwa kawaida hufutika ukikaa nje zaidi ya miaka 2 mfululizo.

Sasa namba. Kwa walio chini ya mfumo mpya ulioanza Aprili 2016, pensheni kamili katika mwaka wa 2026/27 ni pauni 241.30 kwa wiki, na kwa asiye na rekodi ya kabla ya 2016 inahitaji miaka 35 inayohesabika, yaani iliyojaa michango. Kila mwaka unakuletea sehemu moja ya 35, yaani karibu pauni 6.89 kwa wiki, au pauni 358 kwa mwaka, maisha yako yote baada ya kustaafu. Lakini chini ya miaka 10 hupati hata senti. Mwenye miaka 9 na asiye na hata mmoja wako sawa, isipokuwa kama alifanya kazi pia katika nchi yenye mkataba wa hifadhi ya jamii na Uingereza, kwa mfano nchi za Umoja wa Ulaya, ambako miaka ya huko inaweza kusaidia kuvuka kizingiti hicho. Nchi za Ghuba hazimo kwenye mpango huo, na za Afrika Mashariki vilevile.

Kizingiti cha miaka 10 ndicho ningekiangalia kwanza. Chukua mtu aliyefanya kazi Uingereza miaka 7 kamili, akaondoka Aprili 2023 kwenda kuajiriwa Qatar. Akikaa kimya, pensheni yake ni sifuri. Akikubaliwa kulipa daraja la 2 kwa miaka ya 2023/24, 2024/25 na 2025/26, na akalipa ndani ya mwaka wa 2026/27, hesabu yake ni pauni 189.80 kwa kila mmoja wa ile miwili ya kwanza, kwa kuwa imeshavuka muda wa bei yake ya asili, yaani ya mwaka wenyewe, na sasa inatozwa kwa kiwango cha leo cha pauni 3.65 kwa wiki. Wa tatu ni pauni 182, kwa kiwango chake cha 3.50. Jumla pauni 561.60. Kwa fedha hizo anatoka kwenye sifuri hadi pauni 68.94 kwa wiki, na kwa viwango vya leo wiki ya tisa ya kustaafu inakuwa imerudisha kila alichotoa. Hata akiambiwa alipe daraja la 3, jumla ni pauni 2,787.20, na inarudi ndani ya wiki 41. Sioni mahali pengine ambapo mtu wa kipato cha kawaida anapata biashara ya namna hiyo.

Kupata daraja la 2 kwa miaka hiyo kuna sharti linalowaangusha wengi: lazima uwe umeajiriwa au umejiajiri huko nje, na uwe ulikuwa kazini Uingereza mara tu kabla ya kuondoka. Ukiacha kazi, ukakaa nyumbani miezi kadhaa bila kazi, ndipo ukapanda ndege, utarajie maswali na pengine kupangiwa daraja la 3. Aliyeenda nje kusoma au kulea mtoto naye ni wa daraja la 3. Ndiyo maana tarehe unazoandika kwenye fomu ni muhimu kuliko maelezo marefu: siku ya mwisho ya kazi, siku ya kuondoka, siku ya kuanza kazi mpya.

Ukishavuka miaka 10, haraka inapungua na akili inahitajika zaidi. Ingia kwenye akaunti yako ya serikali mtandaoni uangalie vitu viwili, makadirio ya pensheni na rekodi ya Bima ya Taifa. Makadirio yanakuonyesha kiasi ulichokwisha kukipata na kiasi cha juu unachoweza kufikia. Rekodi inakuonyesha mwaka upi umejaa na upi haujajaa, pamoja na bei ya kuujaza. Bei hiyo ni ya daraja la 3. Akaunti haijui kwamba uko Doha na unastahili daraja la 2, kwa hiyo usiilipe kwa sababu tu kitufe kipo.

Anza na mwaka ambao uliondoka Uingereza. Ule huwa una michango ya miezi kadhaa, na kuujaza kunagharimu wiki zilizopungua tu. Kama zimepungua 9 katika 2025/26, hata kwa daraja la 3 ni pauni 159.75, na unapata zile pauni 358 kwa mwaka sawasawa na aliyelipa 923. Mara nyingine hata hakuna cha kujaza. Kwa mwajiriwa, mwaka hujaa kwa kipato, si kwa idadi ya miezi: katika 2025/26, aliyelipwa pauni 6,500 katika ajira kabla ya kuondoka amekwisha kuujaza hata kama aliondoka Julai. Na aliyetumwa nje na mwajiri wa Uingereza katika nchi isiyo na mkataba huendelea kukatwa michango ya kawaida kwa wiki 52 za kwanza, kwa hiyo angalia payslip zako kabla ya kununua kitu ambacho tayari unacho. Kosa la upande wa pili ni kununua nusu mwaka. Wiki 30 kati ya 52 hazikupi nusu ya kitu. Hazikupi chochote.

Je, ulipe lini? Kwa kawaida una miaka 6 tangu mwaka wa kodi ulipoisha: mwaka wa 2020/21, kwa mfano, mwisho wake ni 5 Aprili 2027. Kwa daraja la 3 bei ya asili inabaki kwa miaka 2 ya kodi inayofuata, halafu inahamia kiwango cha sasa, ambacho ni pauni 18.40 kwa wiki, yaani 956.80 kwa mwaka. Kwa daraja la 2 bei ya asili hudumu mwaka mmoja tu. Maoni yangu ni haya. Miaka ya daraja la 2 iombe sasa hivi, kwa sababu ni rahisi mno kuiacha na sheria imeshaonyesha inaweza kugeuka. Miaka ya daraja la 3, kama una umri wa miaka 35 na huenda ukarudi kufanya kazi Uingereza, usiikimbilie. Ukirudi na kufanya kazi miaka 25 zaidi unaweza kujaza zote 35 bila kununua hata mmoja, na uliyoilipia hairudishwi eti kwa sababu hukuihitaji. Aliyebakiza miaka michache kustaafu hana anasa ya kungoja. Na kumbuka umri wenyewe unasogea: unapanda kutoka 66 hadi 67 kati ya 2026 na 2028.

Sasa suala ambalo wauzaji wa ushauri hulipitia haraka. Ukianza kupokea pensheni ukiwa Kenya, Tanzania au Uganda, kiwango chako kinagandishwa. Nyongeza ya kila Aprili inawahusu walio Uingereza, nchi za Ulaya zenye makubaliano, na nchi chache nyingine kama Marekani, Ufilipino na Mauritius. Kanada na Australia nazo zimegandishwa, kwa hiyo si suala la nchi kuwa tajiri au maskini. Kesi ya kupinga jambo hili ilifika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na mwaka 2010 wastaafu walishindwa. Naona ni dhuluma: mtu aliyelipa michango ileile anapewa kidogo kwa sababu ya anwani.

Ila watu wengi hukosea mahali ugandishaji unapoanzia. Hauanzi siku unapolipa mchango wala siku unapohama. Unaanza pale unapoanza kupokea. Miaka yote unayongoja, kiwango kinaendelea kupanda kama cha wengine, na unaingia kwa kiwango cha mwaka huo. Baada ya hapo ndipo namba inasimama na mfumuko wa bei unaanza kuila. Kwa hiyo mwaka wa daraja la 3 ulionunuliwa leo bado unarudisha gharama yake ndani ya takriban miaka 3 ya kustaafu hata Dar es Salaam au Kisumu. Kinachopungua ni thamani ya miaka ya 15 na 20. Ukirudi kuishi Uingereza, kiwango kinapandishwa hadi cha wakati huo.

Maombi yanafanyika kwa fomu CF83 ya HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza. Utaandika namba yako ya Bima ya Taifa, anwani za nje, kazi ya mwisho Uingereza, kazi ya sasa, miaka unayotaka na daraja unaloomba. Daraja litaje mwenyewe, usiwaachie wao. Majibu huchukua miezi, kwa hiyo anayepeleka fomu Machi kwa mwaka unaofungwa 5 Aprili anacheza kamari. Jibu likija lina orodha ya miaka, bei ya kila mmoja, na namba ya kumbukumbu yenye tarakimu 18. Namba hiyo ndiyo inayoelekeza fedha kwenye rekodi yako. Ukiandika jina lako badala yake, malipo yanaweza kuingia HMRC yakakaa bila kugawiwa, na wewe ukadhani mwaka umejaa.

Makato ya benki nayo yana balaa yake. Ukituma pauni 182 kutoka nje na benki ya katikati ikachukua 15, zinazofika ni 167, na mwaka unabaki na wiki zilizopungua. Waambie benki kwamba gharama zote za njiani ni juu yako, halafu baada ya wiki kadhaa fungua rekodi uone kama mwaka umeandikwa umejaa. Kama bado, piga simu ukiwa na risiti ya benki mkononi, na barua yao ihifadhi hadi siku ya kuomba pensheni yenyewe.