Makato ya kripto usiyoyajua: OTP inathibitisha nini hasa?

Mama mmoja jirani yangu, muuza vitenge Kariakoo, aliniletea simu asubuhi nimsomee taarifa ya akaunti yake. Palikuwa na dola 1, kisha dakika chache baadaye dola 240, zote zimekwenda kwa kampuni ya Ulaya inayouza sarafu za mtandaoni. Chini yake yalifuata makato madogo mawili ya benki. "Mwanangu, mimi kripto hata sijui inashikwaje," aliniambia. Benki ilikuwa imeshamjibu: muamala umethibitishwa kwa OTP, yaani tarakimu za siri za kutumika mara moja, iliyotumwa kwenye namba yako, kwa hiyo hakuna cha kurudishwa.

Nimeufikiria sana ule mvutano, kwa sababu pande zote mbili zina hoja.

Kwanza mistari yenyewe ya taarifa ya akaunti. Anayekata pesa kwenye kadi mara nyingi si soko la kripto unalolijua, bali ni wakala wa malipo. MoonPay, Simplex na Banxa ni majina ya namna hiyo. Mtu aliyenunua kweli kupitia programu ya pochi, yaani ya kuhifadhia kripto, anaweza kukutana na jina geni kabisa. Isitoshe, mitandao ya kadi kama Visa na Mastercard huuweka ununuzi huu kwenye kundi la malipo yanayofanana na fedha taslimu, msimbo 6051, na baadhi ya benki huutoza kana kwamba umetoa pesa, kisha huongeza ada ya kubadilisha fedha za kigeni. Ndiyo maana ununuzi mmoja huzaa mistari mitatu. Kabla ya kulalamika, pekua barua pepe na uwaulize vijana wa nyumbani wanaoijua kadi yako. Ila dola 1 inayofuatwa na kiasi kikubwa ni dalili ninayoiogopa: wezi hujaribu kadi kwa kiasi kidogo kwanza.

Sasa benki. Kripto ikishafika kwenye pochi ya mtu mwingine, hakuna wa kuivuta irudi. Wapo pia wanaonunua wenyewe, bei ikianguka wanadai wameibiwa. Na kuna jambo ambalo wateja wengi hatuambiwi: kwa kanuni za Visa na Mastercard, muamala wa mtandaoni ukithibitishwa kwa OTP, hasara ya wizi kwa kawaida humtoka muuzaji na kuiangukia benki iliyotoa kadi. Bila uthibitisho huo, benki huweza kumdai muuzaji, kwa kawaida ndani ya siku 120. Kwa hiyo benki inapong'ang'ania OTP inalinda mfuko wake. Naielewa. Lakini mwenye mfuko wa kulinda asiwe pia hakimu wa kesi.

Maana OTP inathibitisha kitu kimoja tu: kuna mtu aliyezisoma zile tarakimu. Haisemi ni nani. Jirani yangu alikumbuka kwamba usiku ule simu yake ilikosa mtandao, akadhani ni mnara, akalala. Laini ikishahamishiwa kwenye kadi nyingine ya simu, ujumbe wa benki unamfuata mwizi.

Uingereza walishaliona hili. Kanuni zao za huduma za malipo za 2017 zinasema kumbukumbu ya kwamba kadi ilitumika si lazima itoshe peke yake kuthibitisha kwamba mwenyewe aliidhinisha. Sisi Tanzania, Benki Kuu ilitangaza Novemba 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini. Kisha Sheria ya Fedha ya 2024 ikaleta kodi ya zuio ya 3% kwenye mali za kidijitali. Aliyekatwa anabaki katikati, na wengine huogopa hata kulalamika wakidhani neno "kripto" litawaponza. Wasiogope. Kuibiwa kadi si kununua kripto.

Upande wa mteja nao una udhaifu wake. Aliyemsomea OTP mtu aliyejifanya ofisa wa benki ana kesi ngumu zaidi. Na aliyetuma pesa mwenyewe kwa "mwekezaji" wa Telegram aliidhinisha malipo, ingawa alilaghaiwa. Hiyo ni kesi ya utapeli, aipeleke hivyo, polisi na benki. Nasisitiza hili kwa uchungu, kwa sababu anayesema "sijui chochote" kumbe alituma mwenyewe akigundulika, hata sehemu ya kweli ya malalamiko yake haisikilizwi tena.

Tuliandika barua ya ukurasa mmoja. Tuliuliza: OTP ilitumwa saa ngapi? Akaunti ya muuzaji ilifunguliwa kwa jina na kitambulisho cha nani? Kripto ilitumwa kwenye anwani ipi ya pochi? Kisha tukaenda kwa kampuni ya simu, wakatupa kumbukumbu yenye muhuri: laini ilihamishwa saa 2:10 usiku. Benki nayo ikajibu swali la kwanza: OTP ilitumwa saa 2:26. Karatasi zote mbili tumezibana pamoja na kuzirudisha kaunta, na nakala yetu imegongwa muhuri wa kupokelewa. Zile dakika 16 ndizo tunazosubiri benki izieleze.