Kabla ya GPU, niambie soketi yako ina athi

Karibu kila wiki napata meseji ya aina moja. Kijana ananiandikia, "Kaka, nimekusanya milioni mbili, ninunue GPU gani?" yaani ile kadi ya kuchora picha za gemu, na mimi namjibu kwa swali ambalo najua linamkera kidogo: hapo unapokaa, soketi ya ukutani ina athi, yaani ule waya unaoenda ardhini? Wengine wananyamaza siku mbili. Mmoja wa Kireka alinirudishia picha, soketi ya matundu matatu, na kwenye lile tundu la juu kachomeka kalamu ya biki ili plagi ya pini mbili iweze kuingia. Nikamwambia sawa, basi tuanzie hapo hapo.

Msimamo wangu nausema mapema ili asiyekubali ajue tunabishania nini. Ukijenga kompyuta ya gemu hapa Uganda, kitu cha kwanza kuchagua ni pawa saplai, lile boksi linalogawa umeme ndani ya kompyuta, pamoja na chochote kinachokaa kati yake na ukuta. Halafu monita. GPU inakuja baada ya hapo. Najua YouTube nzima inasema kinyume, nusu ya bajeti weka kwenye GPU na pawa utapata yoyote, lakini wale jamaa wako Marekani na Ulaya, umeme kwao wala hauingii kwenye hesabu, unawaka mwaka mzima kama maji ya mto. Wewe uko Kampala, mvua ikianza kukusanyika upande wa ziwa unajua kabisa kinachofuata, na ukanda huu wa Ziwa Victoria ni moja ya sehemu zenye radi nyingi kabisa duniani. Ushauri wa mtu ambaye hajawahi kuona taa zikipepesa mara tatu ndani ya dakika moja hautoshi.

Mimi hili nimelilipia. Mwaka 2022, mwezi wa Septemba, sarafu ya kidijitali ya Ethereum iliacha kuchimbwa kwa GPU, na kadi zilizokuwa zinafanya mining zikaanza kumwagika sokoni kwa bei ya kueleweka. Nikapata GPU ya RX 580 ya 8GB iliyotumika, ikaletwa na mtu kwa basi la Nairobi kupitia Busia, imefungwa kwa nguo ndani ya begi kama mtoto mchanga. Pesa ilikuwa imeisha, kwa hiyo keisi, lile kasha la kompyuta, nikachukua duka moja mjini, na keisi ikaja na pawa yake ndani, bure, stika imeandikwa 600W kwa herufi kubwa za dhahabu. Nikawaza, kadi inataka wati 185, prosesa 65, mia sita si inabaki kabisa? Ikafanya kazi wiki tano. Jioni moja umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika, ukarudi tena, na huo mrudio wa pili nikasikia "pwaa!" chini ya meza na harufu ile ambayo ukishainusa hutaisahau, kama samaki aliyeungua na plastiki pamoja. Pawa ilikufa ikaondoka na madabodi, ile bodi kuu, na ile kadi. Akiba ya mwaka na miezi minne.

Nikaibeba kwa mzee mmoja fundi redio, wote tuliokulia bareksi tunamwita Afande, mtu wa kutengeneza amplifaya tangu sisi hatujazaliwa. Hakuifungua kwanza. Aliniwekea ile pawa yangu kwenye kiganja cha kushoto, halafu akatoa nyingine kwenye boksi la skrepu, ya kompyuta ya ofisi ya zamani, akaniwekea kulia. "Kijana wangu, pima." Ya kulia ilikuwa nzito karibu mara mbili. "Sasa soma." Ya kulia imeandikwa 240W. Ile nyepesi ndo 600.

Alipoifungua nilielewa. Pale waya wa ukutani unapoingia, bodi ilikuwa imechorwa vizuri, duara la koili, alama za kapasita, vijitundu viko tayari, lakini vitu vyenyewe havipo, kiwandani wameviruka wakaunganisha kwa kipande cha waya kama cha kufungia mkaa. Ile sehemu ndo chujio, ndo inayotuliza umeme mchafu kabla haujaingia ndani. Vyuma vya kupoza joto vilikuwa vyembamba kama kopo la dagaa. Halafu Afande akachukua peni akanionyesha kwenye stika, mahali ambapo sikuwahi kusoma, mstari wa volti 12: amp 14. Kumi na mbili mara kumi na nne, 168. Yaani kwenye mstari ule ambao GPU na prosesa zote zinakula, pawa nzima ilikuwa na wati 168, na RX 580 peke yake inaweza kuomba 185. Ile 600 ya dhahabu ilikuwa rangi tu.

Kwa hiyo leo ukiniuliza pawa gani, jina la kampuni nalijali lakini kwanza nakuomba unipigie picha ya ile jedwali ya pembeni. Tafuta 12V, chukua amp zake, zidisha mara 12, jibu ndo nguvu halisi unayonunua. Pawa ya ukweli ya 550W itakuandikia karibu amp 45 hapo, ukizidisha unapata 540, hesabu inakaa. Ukiona inajiita 500 na amp ni 16 au 18, mwambie ssebo asante na uondoke. Na ukiona nyuma kuna ile swichi nyekundu ya 115 na 230, jua ni muundo wa zamani, na ole wako mtu aiache kwenye 115 wakati ukuta wetu unatoa 240, haitakupa hata sekunde ya kujuta. Pawa nzuri za siku hizi hazina hiyo swichi, zenyewe zinapokea kuanzia volti 100 mpaka 240.

Alama ya 80 Plus watu wanaitumia kama cheti cha usalama, na siyo. Inasema tu pawa inapoteza umeme kiasi gani kwa joto. Inasaidia kwenye Yaka yako, ile mita ya kulipia umeme kabla, na aliyegharamia kupimwa mara nyingi hajaruka chujio, lakini hesabu ya amp bado ifanye.

Sasa ukutani. Hapa ndo watu wananiona nimezidisha. Ukigusa keisi yako ukiwa peku na ukasikia vidole vinatetema kama vinaumwa na siafu, huo ni umeme unaovuja kupitia chujio la pawa, ulitakiwa uende ardhini na njia hamna. Nyumba nyingi za kupanga ziko hivo, soketi ina matundu matatu lakini nyuma yake waya ni mbili. Na ile ekstensheni ya kuzuia saji, umeme unaoruka ghafla, uliyonunua ghali, kazi yake kubwa ni kuusukuma umeme uliozidi uende kwenye athi, kama athi haipo sehemu kubwa ya ulinzi uliolipia haipo. Mwite fundi umeme apime, achimbie chuma cha athi, ongea na lendilodi mgawane gharama. Ndiyo, ni pesa ambayo haionekani kwenye fremu, yaani picha za gemu, kwa sekunde. Lakini ni nyumba unayolala, na wadogo zako wanagusa hiyo keisi pia.

UPS, lile boksi la betri la kushikilia umeme ukikatika, nayo soma vizuri maana wanaandika VA na sisi tunasoma wati. UPS ya 650VA kwa kawaida inabeba wati 360 hadi 390 hivi. Ukiwa kwenye gemu na GPU kubwa, monita imo, umeme ukikatika inapiga mlio mmoja mrefu na kuzima hapo hapo, kana kwamba hukuinunua. Tena zile za bei ya chini zinapokuwa kwenye betri zinatoa umeme wa ngazi ngazi badala ya wimbi laini, na kuna pawa nzuri kabisa hazitaki umeme wa hivyo, zinajizima. Ijaribu dukani, au kubaliana na mwenye duka kwamba utairudisha. Na usitegemee kuchezea kwenye betri, UPS inakupa dakika chache za kuseivu na kuzima kistaarabu. Kama pesa ya UPS haipo, angalau tafuta stabilaiza yenye kuchelewesha, kama zile gadi za friji, umeme ukirudi inangoja dakika kadhaa utulie ndo inaruhusu. Mrudio ndo uliniulia mashine, wala siyo mkatiko.

Wengi wanaoniandikia pesa yao inatosha zile kompyuta za ofisi zilizotumika, OptiPlex na EliteDesk, na mimi sizidharau hata kidogo, kwa laki chache unapata mashine imara. Ila kabla hujaiongezea GPU jua mambo mawili. Slot ya madabodi inatoa wati 75 mwisho, kwa hiyo tafuta kadi inayoishi humo humo bila waya wa ziada, GTX 1650 ya aina hiyo au 1050 Ti. Yule fundi anayekwambia atakuunganishia kadi kubwa kwa adapta ya Molex kutoka kwenye waya za diski ngumu, mkatalie, nimeona hizo plagi zimeyeyuka zikawa kama ubani. Na pili pima urefu, keisi ile nyembamba haimezi kadi ya kawaida, inataka kadi fupi ya nusu kimo.

Halafu 1050 Ti feki zipo nyingi, banange. Ni kadi za zamani sana zimebadilishwa BIOS, programu ya ndani ya kadi, ili Windows isome jina jipya. Geuza kadi uangalie matundu yake, ukiona lile la buluu la VGA rudisha, kwa sababu GeForce za kizazi kile Nvidia walishaondoa mawimbi ya picha ya analogi kabisa. Nenda na programu ya GPU-Z kwenye flashi, mwombe muuzaji aiwashe mbele yako. Muuzaji mwaminifu hakatai.

Monita nitasema kidogo tu. Kama una kioo cha 1080p cha 60Hz, yaani kinachoonyesha picha 60 kwa sekunde, kadi inayotoa fremu 140 inakufanyia kazi ambayo jicho lako halitaiona. Nunua kadi ya kioo ulichonacho.

Njia ambayo siku hizi naipendekeza zaidi, na najua itachukiwa na wapenda taa za rangi, ni kujenga bila GPU kabisa kwanza. Prosesa ya Ryzen 5 5600G ina grafiksi yake ndani. Weka madabodi ya B550 au hata B450, pawa ya ukweli ya 550W, na RAM vipande viwili vya 8GB, na hapo kwenye viwili nasisitiza, maana grafiksi ya ndani inakula RAM ile ile, ukiweka kipande kimoja cha 16 unaikaba koo na fremu zinashuka kwa kiasi unachokiona kwa macho. RAM imepanda bei vibaya tangu mwisho wa 2025, viwanda vinapeleka chipu kwenye seva za AI, kwa hiyo za kutumika zisikutie aibu, jaribu tu kabla ya kulipa. Hapo unacheza GTA V na mpira kwa setingi za chini vizuri tu, huku unakusanya polepole ya GPU, na pawa tayari inaisubiri. Ikifika zamu ya GPU usidanganyike na RX 6400 wala 6500 XT kwa ajili ya mashine hii, zile kadi zina njia nne tu za PCIe, barabara inayounganisha kadi na prosesa, na zilipigiwa hesabu ya kizazi cha nne, 5600G ni cha tatu, utapoteza nguvu uliyoilipia. RTX 3060 ya 12GB iliyotumika, ukiipata safi, inakula 170 na 550W yako inaibeba bila kutoa jasho.

Vumbi je? Kama nyumba iko karibu na barabara ya marram, fungua keisi kila mwezi, brashi laini ya kupakia rangi inatosha, feni ishikilie kwa kidole isizunguke.

Yule wa Kireka tuliendelea naye. Aliitoa ile biki, akamshawishi lendilodi, fundi akaja Jumamosi akachimbia chuma nyuma ya nyumba karibu na tangi la maji, wapangaji wanne wakachangia. Akanunua pawa, akanunua 5600G, RAM mbili. Juzi kanitumia video, mvua inapiga bati mpaka sauti yake haisikiki, umeme ukakatika, UPS ikaanza kulia, na yeye anaseivu gemu taratibu, anazima, anachomoa plagi ukutani. GPU bado hajanunua. Anasema labda mwezi wa nane.