Bei inayoshuka mshindani akibisha hodi

Mwaka 2003 Steve Ballmer, mkurugenzi mkuu wa Microsoft wakati huo, alikatiza likizo yake ya kuteleza kwenye theluji huko Uswisi akaenda Munich kuonana na meya, Christian Ude. Jiji hilo la Ujerumani lilikuwa mbioni kuhamisha kompyuta zake zipatazo 14,000 kutoka Windows, programu endeshi ya Microsoft, kwenda Linux, ambayo ni ya bure. Microsoft ikashusha bei, ikashusha tena, na bado baraza la jiji likachagua Linux. Kinachonikera ni hiki: bei ile ya chini ilikuwa wapi kabla Linux haijabisha hodi?

Wanaotetea punguzo la namna hii wana hoja nzito. Mnunuzi anaokoa fedha leo, na programu ya bure nayo ina gharama zake: watumishi wafundishwe upya, nyaraka zigeuzwe, mafundi wapatikane. Munich waliyaonja hayo, na mwaka 2017 baraza likapiga kura kurudi Windows.

Sheria nayo haisaidii sana kuzuia bei inayoshushwa ili kumfukuza mshindani. Katika kesi ya kampuni ya sigara ya Brooke Group ya mwaka 1993, Mahakama ya Juu ya Marekani ilimtaka mlalamikaji athibitishe kwamba bei iko chini ya gharama, na kwamba mshtakiwa anaweza kuifidia hasara hiyo baadaye. Kwa programu, kipimo hicho kinapwaya. Nakala moja zaidi haigharimu karibu chochote, kwa hiyo hata bei ya kutupa huonekana ina faida.

Tazama Windows XP Starter Edition ya mwaka 2004, toleo la Windows lililopunguzwa uwezo, iliyoanzia nchi za Asia kama Thailand, ambako serikali ilikuwa imeanzisha mpango wa kompyuta nafuu zenye Linux. Ilikuwa ya bei nafuu, lakini iliruhusu programu tatu tu kwa wakati mmoja. Umefungua barua pepe, kivinjari na barua unayoandika. Ukitaka lahajedwali, yaani programu ya majedwali ya hesabu, ufunge kimojawapo. Mashine iliweza zaidi, ila ilifungwa makusudi ili toleo kamili lisipoteze bei yake kwingine.

Sitaki punguzo lipigwe marufuku. Atakayeumia ni mnunuzi. Ila anayelipokea adai mkataba utaje bei ya mwaka wa nne na wa tano, na nyaraka zake zihifadhiwe katika muundo ambao programu ya kampuni nyingine inaweza kuufungua.