Baridi ya Julai na glovu za mtoto mchanga

Julai ya Moshi haina mchezo. Mawingu yanaufunika mlima siku nzima, na huko juu, Kibosho au Marangu, mtu mzima analala na blanketi mbili. Ukiingia nyumba yenye mtoto mchanga unamkuta ndani ya shuka, sweta, kofia, soksi, na mikononi glovu ndogo za pamba. Bibi anasema mtoto hana nyama ya kumkinga, na kucha zitamkwaruza uso. Nesi wa kliniki anasema mfungue, mweke kifuani, ngozi kwa ngozi. Mama aliyejifungua juzi amsikilize nani?

Kuhusu baridi, bibi hajakosea. Mtoto mchanga hupoteza joto upesi kuliko sisi, kwa kuwa mwili wake ni mdogo na mafuta chini ya ngozi ni haba. Njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wakati, ndiyo zaidi. Anayeliita sweta ushamba simuungi mkono.

Ninachokipinga ni glovu. Mguso ndiyo hisi ya kwanza kuamka: mimba ikiwa na wiki 8 hivi, sehemu ya midomo tayari inaitikia ikiguswa, na viganja hufuata wiki chache baadaye. Akizaliwa, macho yake huona vizuri umbali wa sentimita 20 hadi 30 tu, lakini ukimgusa shavu anageuka kutafuta ziwa, ukimwekea kidole kiganjani anakikamata. Mkono na mdomo ndivyo anavyoifahamia dunia kwanza.

Nilimshuhudia mmoja wa wiki tatu, mjukuu wa dada yangu, alipovuliwa glovu. Mkono ulielea hewani kidogo. Vidole vikagusa pindo la kanga ya mama yake, vikalikunja, vikaliachia, vikalikunja tena. Kisha akapeleka ngumi mdomoni, akakosa, ikatua puani, akarudia mpaka akapata. Alijikwaruza, ndiyo, alama nyembamba juu ya jicho. Dawa yake ni kumkata kucha akiwa amelala. Glovu nayo ina hatari ambayo wengi hawaijui: uzi uliofumuka ndani unaweza kumzunguka kidole na kukata mzunguko wa damu, na hakuna atakayeuona.

"Lakini mikono yake ni ya baridi!" dada yangu alisema. Viganja vya mtoto mchanga mara nyingi huwa hivyo hata mwili ukiwa na joto la kutosha. Mguse kifuani au nyuma ya shingo. Ukikuta jasho, nguo zimezidi, na kupata joto kupita kiasi usingizini huongeza hatari ya kifo cha ghafla.

Nesi naye ana hoja nzito. Huko kumweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, huitwa matunzo ya kangaruu; yalianza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, daktari Edgar Rey Sanabria alipokabiliwa na uhaba wa inkubeta, mashine za kuwapa njiti joto. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwemo: watoto wa kilo 1 hadi pungufu kidogo ya 1.8 waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walikufa kwa robo pungufu kuliko waliosubiri kwanza hali zao zitulie. Kifua kinatoa joto analolitaka bibi, na mguso papo hapo.

Ila kwa njiti Shirika la Afya Duniani linapendekeza akae kifuani saa 8 hadi 24 kwa siku. Nani atakata majani ya ng'ombe? Hapo ndipo desturi ya Wachaga inapomsaidia nesi kuliko anavyodhani: mama aliyejifungua hukaa ndani, mtori unaletwa, kazi zinashikwa na wengine. Leo mjini bibi anakaa wiki mbili anarudi kijijini, na mama ana genge la kufungua. Basi baba aingie zamu, kwa sababu kifua chake pia kina joto. Afungue vifungo vya shati, mtoto alale wima juu ya ngozi, blanketi lifunike mgongo, kofia ibaki kichwani. Mikono iachwe wazi humo ndani, ishike inachokikuta.