Shomoro Halipi LUKU

Nyumba tunayoishi Mbagala ina vyumba sita, choo kimoja na mita moja ya umeme. Kila mwisho wa mwezi tunakaa uani kugombana: nani ana friji, nani anapiga pasi usiku, nani kaleta shemeji mwenye simu tatu. Mwishowe kila mtu anatoa chake, LUKU inanunuliwa. Asiyetoa ni mmoja tu, na huyo anakaa chumbani kwangu, juu ya kitanda changu, pale ukuta unapokutana na bati. Shomoro. Yeye, mkewe na watoto.

Mimi kuingia chumba kile nililipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Dalali nikampa kodi ya mwezi mmoja kwa kazi ngumu ya kunionyesha mlango ambao ulikuwa wazi. Nikaulizwa kazi, nikaulizwa kwetu wapi, nikaulizwa kama mke wangu ana ndugu wengi wa kuja mjini kutibiwa. Shomoro kaulizwa nini? Aliona fundi kasahau kuziba tundu pale kenchi ilipolalia tofali, akaingia. Ndiyo hivyo, kashahamia.

Na ndege wa kutagia matunduni wengi wao ndiyo tabia yao hiyo. Kigogota walau ana haya: anagonga mti kwa mdomo mpaka shimo linapatikana, jasho lake mwenyewe. Akihama, wanaingia wengine ambao hawakuchonga hata unyuzi mmoja. Shomoro mti wenyewe hana habari nao. Yeye anataka nyumba ya mtu: tundu la ukutani, chini ya vigae, nyuma ya bango la duka, ndani ya kichwa cha taa ya barabarani. Tena huyu wa mjini, ambaye dume lake lina kidevu cheusi mpaka kifuani, si mwenyeji hata kidogo. Asili yake Ulaya na Asia huko; pwani yetu kaletwa na watu kwa vyombo vyao. Mimi nimetoka Masasi tu, ndani ya nchi hiihii, nikadaiwa barua ya mjumbe.

Ningevumilia. Kinachoniumiza ni kwamba mke wangu anawahusudu.

Kwa shomoro, dume ndilo linalotangulia kutafuta tundu. Likishalipata, linakaa mlangoni na kupiga kelele moja ileile tangu kunapopambazuka: chiripu, chiripu, chiripu. Hakuna beti ya pili. Tafsiri yake ni kwamba nina nyumba, nina nyumba, nina nyumba. Jike linakuja, linachungulia ndani, linatoka, linachungulia tena. Likiridhika linabaki.

Mke wangu kaja kulijua hilo, ikawa balaa. "Umeona, baba watoto? Nyumba kwanza. Wewe ulileta posa kwetu huku unalala sebuleni kwa kaka yako."

Unamjibu nini mtu anayeikosoa ndoa yake kwa ushahidi wa ndege?

Jibu nilidhani nimelipata kwa mwalimu wa baiolojia, mpangaji mwenzetu wa chumba cha pili. Aliniambia huko nchi za watu wamepima vinasaba vya makinda wa shomoro, wakakuta baadhi yao si wa dume linalohangaika kuwalisha. Mama yao alipita nje kidogo. Yaani wangekuwa binadamu, wangejaa kwa Mkemia Mkuu mpaka barabarani. Nikarudi chumbani nusura nivunje mlango: "Haya, sikiliza habari za hao shomoro wako!" Nikamweleza yote, tena na chumvi kidogo. Hakugeuka hata kunitazama, alikuwa anakunja nguo.

"Na bado anawalisha," akasema. "Wewe wa kwako mwenyewe, anayefanana na wewe mpaka masikio, maziwa mpaka ukumbushwe."

Nikatoka nje kupunga upepo.

Sasa tuje kwenye usafi. Kiota cha shomoro ukikiona unajua hakuna fundi aliyesimamia. Ni lundo la majani makavu lililosokomezwa tunduni, mengine yananing'inia nje, ndani wametandika manyoya ya kuku wa mama mwenye nyumba. Humohumo kuna nyuzi za kiroba, karatasi, kipande cha chandarua changu. Na rasta. Pale barazani kuna dada anasuka, na vipande vya rasta vinatapakaa uani kutwa. Shomoro anaviokota kimoja kimoja. Kiota hiki, nakiita changu kwa sababu kiko kwenye chumba ninacholipia, kina rasta nyeusi, rasta za kahawia, na kwa muda fulani kilikuwa na rasta za zambarau.

Mtaa mzima unamjua mwenye rasta za zambarau. Anauza vocha na soda pale kona. Mimi napita pale kama kila mtu anavyopita.

Alfajiri moja mke wangu kaamka, kawasha taa, kaona uzi mrefu wa zambarau umejilaza kwenye mto wangu. Si kwenye shuka, si sakafuni. Kwenye mto. Kaushika kwa vidole viwili, kaunyanyua mpaka kwenye taa, kauvuta kuupima urefu.

"Hii nini?"

Kesi ikaanza kusikilizwa palepale, hakuna kuahirisha. Nikasema ni shomoro. Akarudia taratibu: "Ni shomoro." Nikasema ndiyo, anajengea. Akaniuliza kama na manukato yale ya juzi shomoro ndiye aliyanunua. Manukato ya juzi yalikuwa ya kwenye daladala, lakini wakati ule hata ukweli ulikuwa unanuka. Nikaomba shahidi aitwe. Shahidi alikuwa kwenye kenchi anajichambua mbawa, hana habari na mtu.

Ikabidi nipandishe stuli juu ya kitanda, nipande nikiwa na msuli tu, nimulike kwa simu. Jike likatoka puu, likanipita sikioni. Nikaingiza vidole viwili, nikavuta, ukatoka mkia wa zambarau wa kutosha kusuka kichwa cha mtoto. Nikamwonyesha mke wangu. Akauangalia. Akaangalia tundu. Akaniangalia mimi niliye juu ya stuli.

"Haya, shuka," akasema. Akazima taa. Sikuachiwa huru wala sikufungwa. Nadhani niko nje kwa dhamana hadi leo.

Mwalimu alipoisikia alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaniambia nishukuru ni rasta tu. Mexico City, mwaka 2012, watafiti walitangaza kwamba shomoro wa mjini kule wanachanganya vichungi vya sigara kwenye viota, na kiota chenye vichungi vingi kina utitiri kidogo, kwa vile nikotini haipatani na wadudu. Hebu fikiria. Mimi sivuti. Mke wangu anikute na vipisi vya sigara kwenye mto wangu, na kimoja kina rangi ya midomo!

Bado sijasema habari za choo. Makinda wakiwa wachanga, uchafu wao unatoka umefungwa kwenye kijifuko cheupe, safi kabisa. Mzazi anaudaka kwa mdomo, anaruka nao kwenda kuutupa mbali. Utaratibu mzuri, hata sisi wa vyumba sita na choo kimoja tungejifunza. Tatizo njia ya kutokea inapita juu ya chandarua changu, na mzazi akishtuka kidogo mzigo unaponyoka. Halafu makinda wakishaota manyoya, vijifuko vinakoma, kila mtu anajitegemea pembeni mwa tundu. Asubuhi nakung'uta chandarua kabla ya kunawa uso.

Nikaenda kwa mama mwenye nyumba. Nikamwambia mama, shikamoo, naomba nizibe lile tundu, saruji nanunua mwenyewe. Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, ndege kukaa nyumbani kwako ni heri. Wakikataa kukaa ndiyo ujiulize. Basi wasubiri watoe watoto kwanza." Heri. Mbona kwenye risiti yangu heri haikukatwa?

Lakini nikasubiri, mimi si mkatili. Kuatamia ni siku 12 hivi, makinda wanakaa kiotani kama wiki mbili, wanaruka. Kweli wakaruka. Nikakoroga saruji kwenye kopo la rangi, nikapanda stuli, nikamulika: mayai mapya, meupe ya madoa ya kijivu, yametulia juu ya manyoya. Hawa watu hawapumziki. Kiota kilekile, uzazi juu ya uzazi, mwaka haujaisha. Saruji ikanigandia kwenye kopo. Mama mwenye nyumba kaliona kopo, kasema litafaa kushikilia mlango wa choo, na ndiko liliko.

Ndipo nikaingia kwenye mikono ya mzee wa chumba cha mwisho. Mzee huyu alifanya kazi na Wachina wakati wa kujenga reli ya TAZARA, na hakuna jambo duniani ambalo hana mfano wake wa China. Akaniambia shomoro dawa yake ni kelele. Mwaka 1958 Mao alitangaza vita dhidi ya viumbe vinne: panya, nzi, mbu na shomoro, yule wa kwao, ndugu wa huyu wangu. Wananchi wakatoka na masufuria, madebe na ngoma, wakapiga mfululizo shomoro wasipate pa kutua. Wakaruka mpaka wakachoka, wakaanguka wenyewe kutoka angani.

Mwingine angesikiliza mpaka mwisho. Mimi nilishaenda kuchukua sufuria.

Kulipopambazuka tu, chiripu ya kwanza, nikaanza. Sufuria la ugali na mwiko. Nilipiga kwa moyo wangu wote, miezi yote ile ikatoka. Shomoro dume akasogea hatua mbili kwenye kenchi, akageuza kichwa, akaniangalia kwa jicho moja. Huko nje milango ikafunguka yote kwa pamoja. Jirani wa kwanza kaja na panga, wa pili na mchi, dada wa saluni kaja na pasi ya nywele, wanauliza mwizi kapita wapi. Kijana mmoja wa nyumba ya pili alikuwa anakwenda zake msikitini, akajikuta anaeleza alikotoka. Mtoto wetu kaamka analia. Mke wangu kajifunika shuka mpaka kichwani, ile ya kumwambia Mungu ulinichagulia wewe.

Mzee akaja wa mwisho, polepole, na mswaki mdomoni. "Hukunisubiri nimalize," akasema. "Shomoro wale walipokwisha, wadudu waliokuwa wanaliwa nao wakaongezeka mashambani, mavuno yakaharibika, na njaa ile kubwa ikazidi kuwa kali. Mwaka 1960 wakamfuta shomoro kwenye orodha."

"Wakabaki na maadui watatu?"

"Aah, hapana. Nafasi yake wakamweka kunguni."

Jamani, kunguni tayari ninao. Walikuja na kitanda.

Basi tukaendelea hivyo mpaka alipofika mjomba wa mke wangu kutoka Muheza, upande wa msitu wa Amani. Mjomba amekuja na magimbi, mafenesi na maneno. Jioni tunakula, shomoro wanapita juu yetu na panzi mdomoni kupelekea watoto, mke wangu akasema tazama mjomba, wanavyosaidiana. Mjomba akatema kokwa la fenesi. "Huyu cha mtoto. Wewe hujamwona hondohondo."

Nilijua pale kwamba nimekwisha.

Hondohondo, akasema mjomba, wale wakubwa wenye pembe juu ya mdomo, jike likitaka kutaga linaingia kwenye pango la mti mrefu. Dume linakwenda kumeza udongo, linauchanganya na mate tumboni huko, linarudi kuutema vidonge vidonge mlangoni. Jike linapokea na kupiga lipu kutoka ndani, linajifungia, linabakiza upenyo mwembamba wa kupitisha ncha ya mdomo. Haliendi sokoni, halichoti maji. Zaidi ya miezi mitatu. Na hiyo miezi yote dume ndilo linalolisha: linajaza matunda kooni, linaruka kwenda mtini, linayatoa moja moja na kuyapitisha kwenye upenyo. Limalizapo, linarudi kutafuta mengine. Jua, mvua.

Mke wangu kasahau kutafuna. "Miezi mitatu?"

"Na zaidi," akasema mjomba, mjomba ambaye nauli yake ya kurudi naitoa mimi.

"Na akichelewa?"

"Hachelewi."

Nikajaribu kusema kuwa dume nalo lingependa kukaa ndani kidogo, hakuna aliyenisikia. Mjomba kaondoka Jumapili. Jumatatu nimerudi kazini, nimekuta mlango umefungwa kwa ndani, mtoto kapelekwa kwa jirani, pazia la dirisha limevutwa likaachwa upenyo wa kupita sahani. Mke wangu ni mjamzito, tumbo ndiyo kwanza limeanza kuonekana. Nikagonga.

"Nimeshaingia," sauti ikasema.

Nikaenda kibandani, nikarudi na chipsi mayai, nikapitisha pale dirishani. Wapangaji wote wako uani wanajifanya wanachambua mchele. Nikasema kwa sauti ili na wao wasikie, "Hondohondo analeta moja moja. Mimi nimeleta sahani nzima, na mishikaki miwili juu."

Sahani ikavutwa ndani. Kukawa kimya, wakasikika shomoro tu. Kisha mkono ukatoka tena kwenye upenyo, mtupu, kiganja juu.

"Pilipili umemwachia nani?"